Mlango wa kabati la jiko: mbao, MDF na somo la Liemba

Kama uko Kagunga, Mwamgongo au kijiji chochote cha mwambao huu na unataka makabati ya jiko ya kupaka rangi, ya nyumbani au ya kuuza, usianze na kuchagua rangi. Anza na mlango wenyewe: utengenezwe kwa kitu gani? Mwili wa kabati umeegemea ukuta na hausumbuliwi sana. Mlango ndio unaopigwa na mvuke wa sufuria, ndio unaoshikwa na mikono yenye mawese, ndio unaofutwa kwa kitambaa kibichi kila siku. Ukiharibika, mteja hasemi mlango umeharibika, anasema kabati lako ni bovu.

Ubao hunywa unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa kiangazi. Ukinywa, hutanuka kwa upana. Kwa urefu hauongezeki kitu cha kuonekana. Mafundi walilijua hili zamani sana. Ukifika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako hewa ya bahari ni nzito, tazama ile milango inayoitwa ya Kigujarati, yenye asili ya India. Imegawanywa katika vipande vidogo vya mraba ndani ya fremu. Wageni huona urembo tu. Lakini kipande kidogo hutanuka kidogo, na paneli isiyogundishwa ndani ya mfereji wa fremu inaweza kwenda na kurudi bila kupasua kitu. Ufundi wa fremu na paneli ni huo, hapa na kwingineko duniani: ubao hauzuiwi kutembea, unapewa nafasi.

Huku ziwani tuna somo jingine, nalo ni la chuma. Meli ya Liemba, ambayo wengi wenu mmeipanda, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwanzoni mwa 1914. Ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915, katikati ya vita. Julai 1916 Wajerumani, wakiwa wanakimbia, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta injini bado zinafaa, na Mei 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukweni Kagunga kwa maelfu, Liemba hiyohiyo ndiyo iliyowabeba kwenda Kigoma.

Grisi ile ilipakwa kabla maji hayajaingia, tena ndani ya mashine, mahali ambapo hakuna abiria anayepaona. Sasa kaangalie milango ya makabati sokoni. Mbele inang'aa, nyuma imepakwa mkono mmoja wa haraka, na kingo za chini na juu ni tupu kabisa. Maji hupita hapohapo.

MDF ndiyo inayoumia zaidi. Ni bidhaa changa: ilianza kutengenezwa kibiashara Marekani miaka ya 1960, kwa nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa kwa gundi. Hupokea rangi vizuri kuliko ubao wowote, haina vifundo, haipindi ovyo. Ndiyo maana mafundi wa mjini wanaipenda, na mimi siwalaumu. Lakini MDF ya kawaida ikinywa maji kwenye ukingo huvimba kama mkate, na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa. Ipo ya kuhimili unyevu, mara nyingi yenye rangi ya kijani ndani, ila kijani ni rangi tu ya utambulisho; si kinga. Na kumbuka safari: mizigo mingi ya Kagunga huja kwa boti. Karatasi ya MDF iliyorushiwa maji ya ziwa njiani imeshaharibika kabla fundi hajaigusa. Ukiipokea, pitisha kidole kwenye kingo zote nne kabla ya kulipa.

Kwa mwambao huu ningechagua fremu ya mbao kavu na paneli ya plaiwudi yenye gundi isiyoyeyuka. Kuijua plaiwudi hiyo ni rahisi: omba kipande kidogo, kichemshe kwenye sufuria saa moja au mbili. Tabaka zikiachana, rudisha. Fremu inaweza kuwa ya paini, kama ile ya shamba la Sao Hill kule Mufindi. Vifundo vyake hutoa utomvu unaotoboa rangi, kwa hiyo chagua ubao wenye vifundo vichache. Mninga ni imara na hautembei sana, lakini kununua mninga kisha kuufunika kwa rangi nyeupe ni kutupa fedha. Uache uonekane, au uuze.

Ukavu wa mbao usiupime kwa macho. Weka ubao kwenye mizani ya duka, andika kilo zake, uache kivulini penye upepo, upime tena baada ya wiki. Kama uzito bado unashuka, maji bado yanatoka, usianze kuunga.

Paneli ipakwe rangi yote kabla ya kuingizwa kwenye fremu, isipigwe msumari wala gundi. Ikiwa ni ya ubao, iachie milimita mbili tatu kila upande. Usipoipaka mapema, kiangazi itasinyaa na kuonyesha mstari mweupe pembeni. Tumia rangi ya mafuta, kwa sababu mawese hayatoki vizuri kwenye rangi ya maji ya bei nafuu. Paka praima mbele na nyuma sawasawa. Kingo zote nne zipake mara mbili, na matundu ya bawaba na skrubu yapake pia kabla hujafunga mlango.