Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) ni chuo cha serikali ya Tanzania kinachowaandaa vijana kuishi kwa kazi ya sanaa. Kipo katika mji wa Bagamoyo, kaskazini mwa Dar es Salaam. Kilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, kikirithi vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali.

Wanafunzi husoma muziki, ngoma, maigizo, sarakasi, sanaa za ufundi na ufundi wa jukwaa. Nguvu ya chuo iko katika namna ya kufundisha: mpigaji marimba au zeze hukaa na fundi aliyekulia ndani ya muziki huo. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alikuwa miongoni mwa mafundi hao, na hakuna kitabu ambacho kingeweza kubeba elimu yake yote.

Jengo la maonyesho la chuo liliteketea mwaka 2002, likajengwa upya. Tamasha la chuo la kila mwaka, lililoanza miaka ya 1980, ndilo mtihani halisi, kwani mwanafunzi hucheza mbele ya wenyeji na wageni.

Ajira, hata hivyo, haitabiriki. Mhitimu anayetumbuiza kwenye hoteli za pwani hutegemea msimu wa watalii, nao hupungua wakati wa masika. Kwa hiyo kujua mikataba, hakimiliki na bei ya kazi yake ni muhimu sawa na kujua kupiga ngoma.