Beit al-Ajaib: Kutengeneza au Kujenga Upya?

Wasomaji wetu waliopata kufika Unguja kwa bahari walijua Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lililosimama Forodhani jirani na Ngome Kongwe, refu kuliko majumba yote ya mji ule. Seyyid Barghash bin Said alilijenga mwaka wa 1883, si kwa kulala, bali kwa karamu na kupokea wageni. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Lakini baraza zake pana zilichukuliwa na nguzo ndefu za chuma zilizoletwa kwa meli. Tena ndilo jumba la kwanza Unguja kutiwa taa za umeme. Watu wakastaajabu, na jina likashika.

Twapenda kukaa kidogo katika asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Seyyid Khalid bin Barghash akajitwalia ufalme pasipo ridhaa ya Waingereza. Manowari zao zikapiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Palikuwa na majumba matatu yaliyokaa safu moja, Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib, na mbele yake mnara wa taa wenye saa. Moshi ulipotawanyika ilipasa kukata shauri juu ya kila moja, wala shauri halikuwa lile lile. Beit al-Hukm liliharibika mno; likaondolewa, na mahali pake pakawa bustani. Beit al-Sahel likajengwa upya, likawa makao ya masultani hata mwaka wa 1964. Beit al-Ajaib lilipata madhara machache, basi likatengenezwa. Na kwa kuwa ule mnara wa mbele haukufaa tena, mnara mpya wa saa ukajengwa usoni pa jumba lenyewe.

Hapo yafaa tutie alama. Ile sura yenye mnara katikati, ambayo kila mgeni aliichukua katika picha, siyo sura aliyoijua Barghash.

Baadaye Waingereza walilifanya jumba la maofisi, na mwishowe likawa makumbusho. Mwaka wa 2000 Mji Mkongwe wote ukaandikwa na UNESCO miongoni mwa urithi wa dunia. Lakini chokaa haisomi vyeti. Paa likivuja, maji huteremka ndani ya ukuta mnene bila kuonekana, huilegeza chokaa na kuozesha boriti. Na chuma kilicho karibu na bahari hushika kutu, kutu huvimba, na kuvimba kwake hupasua kilichokizunguka. Fundi akija akaziba nyufa kwa saruji, mara nyingi huongeza ubaya, maana saruji huyafungia maji yasipate kutoka. (Sisi walimu, ambao tumepata kuhamisha watoto kutoka pembe moja ya darasa hata nyingine kila masika, tukingojea fedha za bati, hatuwezi kuwacheka wenye jumba.)

Mwaka wa 2012 sehemu ya baraza ilianguka, na jumba likafungwa. Kazi ya kulitengeneza ilikuwa imekwisha anza, kwa msaada wa Oman, hapo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya upande wa mbele iliposhuka pamoja na mnara wake. Mafundi walikuwa ndani. Watu wawili walikufa.

Kwa hiyo swali la kutengeneza au kubadili si la wapenda mambo ya kale tu. Mtu aweza kusema kwamba ukuta uliokwisha ua usisimamishwe tena, na kwamba fedha zile zingejenga jumba jipya lenye nguvu. Neno hilo lina haki yake. Lakini kuta nyingi zilibaki zimesimama, na kubomoa kizima kwa sababu ya kilichoanguka ni kuongeza hasara. Twaona yafaa kilichobaki kitengenezwe kwa chokaa na kwa subira, na kilichoanguka kijengwe tena, kikiwa na mifupa mipya ndani ikiwa ndiyo salama, mradi mafundi waseme wazi lipi la zamani na lipi la leo.

Wengine husema tu, “Lirudishwe kama lilivyokuwa.” Nasi twauliza: kama lilivyokuwa mwaka gani? Likirudishwa kwa Barghash, halina mnara. Likirudishwa na mnara wake, twajenga upya kumbukumbu ya mizinga ya mwaka wa 1896. Sisi tungeuchagua mnara, maana vizazi vya watu wa Unguja wamepita chini yake wakitazama saa. Lakini twajua kwamba mwenzetu aliyependa kuuacha hatakuwa amekosa. Na hatua chache kutoka hapo iko ile bustani ya Beit al-Hukm, ambako hapana aliyedai kitu kirudishwe.