Bei ya Kijijini: Somo la REA kwa Intaneti ya Tanzania

Kuvutiwa umeme kijijini, Tanzania Bara, ni Sh 27,000. Mkazi wa mjini ambaye nyumba yake haizidi mita 30 kutoka kwenye nguzo hulipa zaidi ya Sh 300,000. Kazi ni ileile: waya, mita na fundi wa TANESCO juu ya ngazi. Soko halikuileta tofauti hiyo. Serikali iliamua kwamba mwanakijiji hatabebeshwa gharama yote, kisha ikatafuta wa kuziba pengo, na tozo kwenye umeme na mafuta zikaelekezwa kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini, kwa kazi za Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Kufikia mwaka 2024 karibu vijiji vyote 12,318 vya Bara vilikuwa vimefikiwa na umeme, ingawa vitongoji vingi bado vinausubiri.

Kwenye intaneti uamuzi ulikuwa mwingine. Tulitoa ruzuku ya minara, bei tukawaachia wauzaji. Nadai kwamba hapo ndipo intaneti yenye kasi ilipokwama vijijini, na kwamba kuongeza minara peke yake hakutaikwamua.

Chombo chenyewe tunacho. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka huduma mahali ambapo kampuni za simu hazioni faida. Mei 2023 ulitia saini na kampuni hizo mikataba ya minara 758 katika kata 713. Nchi ambayo, kwa sensa ya 2022, takribani asilimia 65 ya watu wake wanaishi vijijini haiwezi kuibeza kazi hiyo. Aliyewahi kupanda kichuguu ili apate mawimbi ya kuita gari la mgonjwa hahitaji kuelezwa faida ya mnara.

Tatizo liko ndani ya zabuni. Ruzuku ya namna hii hushindaniwa kwa kuangalia nani anaomba fedha kidogo zaidi ili asimamishe mnara katika kata fulani. Ni utaratibu mzuri wa kulinda mfuko usifujwe. Lakini swali la pili haliulizwi: ukishausimamisha, gigabaiti moja utamuuzia mwanakijiji kwa shilingi ngapi? Mshindi hupokea fedha za umma, kisha huuza bando kijijini kwa bei ileile ya Kariakoo, kwa mtu ambaye kipato chake hakilingani hata kidogo na cha Kariakoo.

Kuna pia ujanja, pengine usiokusudiwa, katika kusema kwamba kata fulani ina mtandao. Mwenye kitochi akibonyeza *150*00# hupata menyu ya M-Pesa, hutuma pesa na huangalia salio, yote bila kugusa intaneti, kwa kuwa menyu hiyo hupita kwenye njia za mawimbi ya kizazi cha pili. Kwenye takwimu huyo amefikiwa. Mwalimu wa sekondari jirani yake, anayetaka kushusha video ya jaribio la kemia kwa sababu shule haina maabara, naye amefikiwa, kwa mnara huohuo. Hata pale penye 4G, mnara ukiwa umeunganishwa na wenzake kwa mikrowevu tu na si kwa mkongo, uwezo wake hugawanywa kwa wote waliopo. Ikifika saa mbili usiku kila mtu yuko hewani na kurasa zinazunguka tu.

Tazama msimu wa korosho kusini. Tangu 2024/2025 korosho ghafi huuzwa kwa mnada wa kidijitali kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wanunuzi hushindana mtandaoni kutoka popote walipo. Mkulima wa Tandahimba au Newala aliyepeleka magunia yake kwenye chama cha ushirika (AMCOS) ndiye mwenye mali, lakini katika mnada huo yeye ndiye aliye mbali zaidi na mtandao. Fedha zake nazo huja kwa msimu. Baada ya mauzo anaweza kununua bando kubwa. Kufikia Mei anahesabu mia tano. Bando la saa 24 limepimwa kwa mtu wa mshahara au wa biashara ya kila siku. Kwa mkulima, kifurushi kinachokufa kabla hakijatumika ni hasara tupu, na mara nyingi anaona heri asijiunge kabisa.

Gharama ya kukosa intaneti huonekana vizuri zaidi kwenye steshenari za makao makuu ya wilaya, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huja na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi. Hulipia kufunguliwa akaunti, kujaziwa fomu, kuchapa kurasa. Kisha hurudi kijijini kusaka sahihi na muhuri wa serikali ya kijiji, na sahihi ya mdhamini ambaye huenda yuko shambani. Halafu safari nyingine mjini: kurasa zilizosainiwa zisomwe kwa skana na kupandishwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Kiambatisho kimoja kikikataliwa, ni nauli tena. Mwenye steshenari hafanyi ubaya wowote, na mara nyingi ndiye msaada pekee. Lakini jumla ya anacholipa kijana huyo ingetosha bando la miezi, na mwenzake wa Mikocheni amemaliza yote sebuleni kwao.

Kipimo cha bei kipo. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Broadibandi ililenga kwamba kufikia 2025 huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya pato la mwezi la mtu mmoja kwa wastani wa taifa. Kwa hali yetu ni kipimo cha upole mno, maana wastani huo unamchanganya mwenye hoteli Masaki na mlima mihogo wa Kibondo. Kipimo cha haki kingetumia kipato cha kaya za vijijini peke yake.

Wapo wanaosema punguzeni kodi na bei itashuka yenyewe. Kodi ni kubwa kweli. Mwaka 2024 huduma za simu zilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, kisha VAT ya asilimia 18 juu yake, kiasi kwamba katika Sh 1,000 ya bando takribani Sh 276 zilikuwa za Hazina. Ningefurahi kuona ushuru huo ukipungua. Hata hivyo tunao mfano wa karibu. Bajeti ya 2021/2022 iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha huo ulifutwa, kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Nafuu isiyo na sharti ilikomea kwa wauzaji. Ndiyo maana nasisitiza bei iandikwe kwenye mkataba, isiachwe kwenye huruma.

Wengine wanatazama angani. Julai 2020 Kenya ilianza kupokea intaneti kutoka kwa maputo ya Loon yaliyoelea kwenye tabaka la juu la anga. Januari 2021 kampuni mama, Alphabet, ikatangaza kuufunga mradi, na wateja hawakuwa na la kusema. Satelaiti za Starlink, zilizoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, ni jambo zito zaidi na zinafaa sana kwa hoteli ya mbugani, hospitali ya misheni au shule yenye mfadhili. Ila kifaa chake kinahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi za Kenya. Kwa kaya moja moja ya mkulima hiyo bado ni bei ya ng'ombe.

Ninachokiona karibu zaidi ni nguzo. Sehemu ya Mkongo wa Taifa tayari imepita kwenye njia kuu za umeme za TANESCO. Nguzo za REA zimefika vijijini, zimelipiwa na wananchi, na zinaweza kubeba waya wa mkongo mpaka shule ya sekondari, zahanati na ofisi ya kijiji, mahali ambapo mnara nao ungechukua njia yake. Kinachohitajika ni makubaliano kati ya wizara mbili kuhusu nani akate mti ukiangukia waya, na nani alipe. Huo mgogoro mdogo naushuku kuliko ukosefu wa fedha.

Inabaki bei. Serikali haina haki ya kujifanya kwamba haiingilii bei za bando. Aprili 2021, gharama zilipopanda ghafla na watu wakapiga kelele, ilisitisha mabadiliko upesi. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) nayo imekuwa na bei elekezi ya data, kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa megabaiti. Ukipiga hesabu, gigabaiti ni takribani Sh 2,080 chini na Sh 9,570 juu. Basi kila mnara uliojengwa kwa ruzuku ya UCSAF ufungwe kisheria kwenye ukingo wa chini wa bei hiyo, bila ukomo wa muda wa bando, kwa kipindi chote cha mkataba. Kampuni itakayodai haiwezi, iseme kwenye zabuni inahitaji ruzuku kiasi gani zaidi. Hapo tutajua pengo halisi ni shilingi ngapi, kama tulivyolijua la umeme. Kampuni zitajibu kwamba haiwezekani kuuza kwa bei tofauti kata kwa kata. Inawezekana: mtambo wao unajua kila laini imekaa kwenye mnara upi, vinginevyo simu isingeita, na taarifa hizohizo zinamtosha mkaguzi wa TCRA kulinganisha kila mwezi kilichouzwa na kilichoahidiwa.