Kwa nini fazi hukaa mbele: historia ya mnyororo wa pedali za gitaa

Mwishoni mwa 1960, wanamuziki wa studio mjini Nashville, Marekani, walikuwa wakimrekodia Marty Robbins wimbo wa taratibu uitwao "Don't Worry". Zamu ya Grady Martin ilipofika, akapiga kipande chake kwenye gitaa la besi la nyuzi sita. Kilichosikika kwenye spika hakikufanana na besi wala gitaa. Sauti ilikoroma na kukwaruza, na kila noti ilipoanza kufifia ikakatika ghafla. Transfoma ndani ya meza ya kuchanganyia sauti ilikuwa imeharibika. Kipande kile kingeweza kufutwa na kupigwa upya, lakini kikaachwa kama kilivyo, na mwaka 1961 wimbo ukakaa kileleni mwa chati ya muziki wa kantri kwa wiki 10.

Fundi mitambo wa siku ile alikuwa Glenn Snoddy. Chaneli mbovu ya meza yake ilizidi kuharibika hadi ikafa kabisa, na wakati huo wasanii wengine walikuwa wameshaanza kuiulizia ile sauti. Snoddy akakaa na mwenzake, Revis Hobbs, wakatafuta namna ya kuizalisha hitilafu ile makusudi. Walitumia transista tatu za jemaniamu, betri mbili ndogo za volti 1.5 na swichi ya kukanyagwa kwa mguu. Gibson ikaanza kukiuza kifaa hicho mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone FZ-1. Hapo ndipo fazi, ile sauti ya gitaa iliyochanika kingo, ilipoingia madukani.

Leo mpiga gitaa anayeanza hupewa mpangilio wa pedali kama amri: wah-wah kwanza, kisha fazi, kisha ovadraivu (mngurumo mwepesi kuliko wa fazi), kisha korasi (sauti inayoyumba kama ya magitaa kadhaa), na mwangwi mwisho. Anaukariri na kuutii, na mara nyingi sauti yake bado inatoka imefifia au ina makelele, asijue kwa nini. Amri hizo hazikutungwa na mtu mmoja aliyeketi akaupanga mnyororo mzima. Kila moja imetokana na saketi fulani ya mwaka fulani, iliyobuniwa na fundi ambaye hakuwa na habari kwamba siku moja kifaa chake kitaunganishwa na vingine kumi. Anayeijua historia ya visanduku hivi anajua pia lini amri ifuatwe na lini iachwe.

FZ-1 yenyewe haikutengenezwa iwe sehemu ya mnyororo wowote. Waya wa kwenda kwenye ampli ulitoka moja kwa moja ndani ya sanduku, na matangazo yake yaliwaahidi wapiga gitaa kwamba wangeweza kuiga tarumbeta na ala nyingine za upepo. Maduka yaliagiza zaidi ya vifaa 5,000 mwaka wa kwanza, kisha biashara ikalala kwa sababu hakuna aliyejua avitumie wapi. Mei 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alikuwa studio huko Hollywood akirekodi "(I Can't Get No) Satisfaction". Alitaka ala za upepo zipige ile sauti kuu ya wimbo, na fazi aliitumia kama rasimu tu ya kuwaonyesha wapigaji. Wenzake wakaikubali rasimu, nayo ndiyo iliyotoka kwenye sahani. Kabla mwaka haujaisha, akiba yote ya Fuzz-Tone ilikuwa imenunuliwa.

London haikusubiri. Mwaka 1965 Gary Hurst alitengeneza Tone Bender, na mwaka 1966 Ivor Arbiter akaleta Fuzz Face, kisahani cha chuma cha duara ambacho umbo lake lilitokana na kitako cha stendi ya maikrofoni. Ndani mlikuwa na transista mbili tu na vipande vichache vya kuzisaidia. Sijui saketi nyingine ya gitaa iliyo ndogo hivyo na yenye madai makubwa hivyo.

Koili za gitaa hutoa umeme dhaifu mno. Vifaa vingi vya sauti huwa na mlango wenye ukinzani mkubwa, yaani hupokea habari ya umeme ule bila kuunyonya. Fuzz Face ina mlango wenye ukinzani mdogo, kwa hiyo huunyonya, na kwa kufanya hivyo huzifanya koili za gitaa ziwe sehemu ya saketi yake. Matokeo yake yako mkononi mwa mpigaji. Akiwa amefungua kitasa cha sauti cha gitaa hadi mwisho, fazi inanguruma. Akikirudisha nyuma kidogo tu, mngurumo unaondoka na inabaki sauti safi yenye kung'aa, na pedali bado imewashwa. Jimi Hendrix alicheza na kitasa hicho kama alivyocheza na nyuzi. Ufundi huo wote unategemea jambo moja: kati ya gitaa na Fuzz Face pasiwe na kitu zaidi ya waya.

Jemaniamu nayo ina tabia zake. Joto likipanda, umeme huvuja ndani ya transista na sauti hubadilika, hivyo pedali iliyopendeza jioni ya baridi inaweza kutoa sauti mbovu ukumbini penye joto la taa. Baadaye miaka hiyo hiyo ya 1960 watengenezaji wakahamia silikoni, ambayo haiyumbishwi hivyo na joto lakini sauti yake ina makali zaidi. Isitoshe, Fuzz Face za jemaniamu zilisukwa chanya ikiwa ndiyo ardhi ya saketi, wakati karibu pedali zote zilizokuja baadaye ardhi yao ni hasi. Ukizilisha zote kwa adapta moja yenye waya wa matawi, umeme utakutana chanya na hasi na mnyororo mzima utazimika. Ndiyo sababu fazi ya zamani hupewa betri yake yenyewe.

Wah-wah ilizaliwa California kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1966 mhandisi kijana wa Thomas Organ Company, Brad Plunkett, alipewa kazi ya kutafuta mbadala wa bei nafuu wa swichi moja kwenye ampli za Vox, ile iliyochagua masafa ya katikati. Akaweka kitasa cha kuzungusha badala ya swichi, na alipokizungusha huku gitaa likipigwa, sauti ikafunguka na kufumba kama mdomo wa mtu. Kitasa kikahamishiwa ndani ya pedali ya sauti ya kinanda cha Vox ili mguu uendeshe na mikono ibaki kwenye nyuzi. Ilipoingia sokoni 1967 ilibandikwa jina la Clyde McCoy, mpiga tarumbeta aliyejulikana kwa kuliza tarumbeta kwa kuziba na kuachia mdomo wa ala hiyo.

Wah-wah hizo za kwanza zilikuwa na kasoro ambayo watu walichelewa kuitambua. Swichi yake ilikata njia ya kutokea tu. Njia ya kuingilia ilibaki imeunganishwa hata pedali ikiwa imezimwa. Mpigaji alidhani ameitoa kwenye mnyororo, kumbe bado ilikuwa ikinyonya sehemu ya juu ya sauti yake. Ikifuatiwa na Fuzz Face mambo yaliharibika zaidi: mlango ule wa fazi wenye ukinzani mdogo uliibana wah-wah hadi mfunguko wake ukawa dhaifu, na wakati mwingine viwili hivyo vilianza kupiga yowe vyenyewe. Hata hivyo Hendrix aliviweka kwa mpangilio huo huo. Kwenye tamasha la Woodstock, Agosti 1969, gitaa lake lilipita kwenye wah-wah, likaingia Fuzz Face, kisha Uni-Vibe, ndipo likafika kwenye ampli za Marshall. Mnyororo wa visanduku vitatu, na bado watu wanauchambua hadi leo.

Hiyo Uni-Vibe ilitoka Japani, kazi ya Fumio Mieda wa kampuni ya Shin-ei. Ukiifungua utakuta balbu ndogo inayowaka na kufifia kwa mapigo, imezungukwa na vihisi-mwanga vinne. Mwanga unapopanda na kushuka, vihisi hivyo husogeza awamu ya sauti, nayo huanza kuyumba. Ni mashine ya umeme inayofanya kazi kwa mwanga wa taa, na hakuna kompyuta iliyoiga kuyumba kwake kwa namna iliyoniridhisha kabisa.

Mwangwi ulikuwa na ukoo tofauti. Kabla ya pedali kulikuwa na mashine za utepe, kama Echoplex iliyokuja 1959 na Roland Space Echo RE-201 ya 1974: masanduku mazito yenye injini ndogo na vichwa vya kurekodia, yaliyowekwa karibu na ampli. Kwa hiyo yalikaa mwisho wa njia, na sikio likazoea hivyo. Sikio lilikuwa na sababu pia. Mwangwi ukija baada ya fazi, kila marudio hutoka yakiwa kamili, moja baada ya jingine. Ukija kabla, marudio yote huingia kwenye fazi pamoja na noti mpya na kusagwa kuwa bonge moja. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya fazi iwe adui wa akodi nene: noti zikiingia humo kwa wingi hugongana na kuzaa sauti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Anayependa rumba na muziki wa dansi, ambamo solo na ridhimu husukana noti kwa noti, ataelewa mara moja kwa nini magitaa ya namna hiyo yanahitaji sauti safi.

Kilichouingiza mwangwi ndani ya kisanduku cha mguu ni ugunduzi wa maabara za Philips nchini Uholanzi mwaka 1969. Sangster na Teer walibuni saketi inayopokezana sauti kutoka kapasita moja hadi nyingine, kama majirani waliojipanga mstari wakipitishiana ndoo za maji kuzima moto. Sauti huchelewa kwa sababu safari ni ndefu, na hupoteza mng'ao njiani. Kutoka kwenye chipu hizo ukaja mwangwi wa Electro-Harmonix ya New York, na korasi ya Boss CE-1 ya mwaka 1976.

Mwaka uliofuata, 1977, Boss ilitoa pedali zake tatu za kwanza za umbo dogo, na umbo hilo halijabadilika hadi sasa. Badala ya swichi ya chuma inayokata na kuunga waya, waliweka swichi ya elektroni isiyotoa mlio, na ili ifanye kazi vizuri wakaizungushia bafa, saketi ndogo inayopokea sauti dhaifu ya gitaa na kuitoa ikiwa na nguvu ya kusafiri mbali. Bafa hiyo hubaki kazini hata pedali ikiwa imezimwa. Nao ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini chukua pedali hiyo ya 1977 uiweke mbele ya Fuzz Face ya 1966. Fazi haioni tena koili za gitaa, inaiona bafa. Kitasa cha gitaa kinapoteza uwezo wake wa kuisafisha sauti, na mngurumo mnene unageuka kuwa mlio mwembamba wenye kuchoma masikio. Pedali zote mbili ni nzima, lakini mpigaji atadhani moja imekufa. Hapo ndipo ilipotoka amri ya fazi kukaa mbele, na kwangu mimi ndiyo amri pekee katika orodha nzima isiyo na mjadala kwa fazi za aina hii.

Mambo mengine yote yanajadilika. Eddie Van Halen, kwenye albamu ya kwanza ya kundi lake mwaka 1978, aliiweka pedali ya kuyumbisha awamu, MXR Phase 90, na Echoplex mbele ya Marshall iliyofunguliwa hadi ikapasua sauti, yaani kinyume cha wanavyofundisha wengi. Awamu ikiyumbishwa kabla ya kupasuka, mzunguko wake unasikika kwa mbali tu, kama rangi ndani ya sauti. Ikiwekwa baada, unameza kila kitu. Ampli za miaka ya 1980 zilipoanza kujitengenezea mngurumo wao wenyewe ndani, zikawekewa mlango wa nyuma wa kuchomeka mwangwi na korasi baada ya mngurumo huo. Asiye na mlango huo anayo njia ya Van Halen.

Ugomvi mkubwa ukabaki kwenye pedali zilizozimwa. Katika miaka ya 1990 mafundi wadogo wa pedali za kutengenezwa kwa mkono waliikumbuka dhambi ya wah-wah za kwanza, wakasifu swichi inayopitisha sauti moja kwa moja bila kugusa saketi. Pete Cornish, fundi wa London aliyemjengea David Gilmour wa Pink Floyd mbao zake za pedali tangu miaka ya 1970, hakukubali, na hoja yake ni ya hesabu. Kebo ya kawaida ya gitaa hubeba takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, na kila pikofaradi hula sehemu ya juu ya sauti. Pedali kumi za kupitisha moja kwa moja zikizimwa zote, gitaa linabaki likisukuma sauti kwenye waya wote wa kwenda, wa kati na wa kurudi, peke yake. Klon Centaur, pedali ya Bill Finnegan iliyotoka 1994 na ambayo leo huuzwa kwa bei ya gari, ilijengwa na bafa ndani yake wakati wengine wakizikimbia.

Jaribio la kujua kama mnyororo wako unakula sauti ni rahisi. Chomeka gitaa kwenye ampli kwa waya mmoja mfupi, piga akodi moja, sikiliza sehemu ya juu ya sauti yake. Kisha pitisha gitaa kwenye mnyororo wote, pedali zote zikiwa zimezimwa, upige akodi ile ile bila kugusa kitasa chochote. Kama sehemu hiyo imepotea, weka bafa moja baada ya fazi, na nyingine mwisho wa ubao kabla ya waya mrefu wa kwenda kwenye ampli, kisha rudia. Fazi iache pale mbele, na betri yake.