Ajali ya Bagamoyo na Tiba ya Kifua

Usiku wa tarehe 4 Desemba, 1889, palikuwa na karamu katika nyumba ya Wajerumani mjini Bagamoyo. Henry Morton Stanley alikuwa amewasili siku ile ile kutoka bara pamoja na Emin Pasha, na mwenyeji wao alikuwa Hermann von Wissmann. Emin, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu mno, aliondoka mezani peke yake, akaanguka kutoka ghorofani hadi chini. Aliokotwa hana fahamu, damu ikimtoka sikioni.

Aliyeanguka alikuwa tabibu. Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa Silesia mwaka 1840, na Breslau ni mmojawapo wa miji aliyosomea uganga. Stanley alivuka kwenda Unguja, na mgonjwa akabaki hospitali ya Wajerumani chini ya uangalizi wa Thomas Heazle Parke, daktari wa msafara, mtu wa Ireland.

Yafaa kuuliza: daktari wa wakati ule aliweza nini mbele ya mtu aliyeanguka hivyo? Picha za eksirei hazikuvumbuliwa ila mwaka 1895. Mifupa ilipimwa kwa vidole na kwa sikio. Mbavu zilizovunjika zilifungwa kwa vitambaa, na mgonjwa akaambiwa atulie. Kufungua kifua kulikuwa karibu sawa na kuua, maana hewa ya nje iingiapo humo pafu hunywea. Kizuizi hicho kilianza kuondoka mwaka 1904, Ferdinand Sauerbruch alipotengeneza chumba cha kupunguza kani ya hewa. Na mji alimofanyia kazi hiyo ni Breslau ile ile. Baadaye ukaja mrija wa kupitisha pumzi kooni. Leo mbavu nyingi zilizovunjika huachwa ziunge zenyewe, mgonjwa akitulizwa maumivu ili avute pumzi barabara. Kufunga kifua kumeachwa, kwa kuwa huzuia pumzi hiyo. Lakini ukuta wa kifua ukipoteza nguzo zake, wapasuaji huziunga mbavu kwa mabamba ya madini na skrubu.

Emin alipona bila hayo yote. Aprili 1890 akarudi bara akiwatumikia Wajerumani, na Oktoba 1892 akauawa Kongo.

Habari yake imeandikwa sana. Lakini msafara ule ulikuwa umeondoka Unguja mwaka 1887 na wapagazi zaidi ya 600, nao waliorejea hawakufika nusu. Kila mmoja alichukua mzigo uliokaribia frasila mbili, na kifua ndicho kilichostahimili. Walioanguka njiani hawakuwa na kitanda wala daktari wa kubaki nyuma kwa ajili yao, na majina ya wengi hayajulikani.

Katika mji huo huo wa Bagamoyo alikuwapo Sewa Haji Paroo, tajiri aliyewauzia wasafiri bidhaa na kuwapatia wapagazi. Mali yake ilisaidia kujenga hospitali ya Dar es Salaam iliyoitwa kwa jina lake, ambayo ndiyo asili ya Muhimbili ya leo. Hivyo faida iliyotoka katika mabega ya wapagazi ilirudi, kwa sehemu, kuwa vitanda vya wagonjwa. Siku hizi njia ya Bagamoyo ni lami, na mtu aumiapo kifua katika ajali ya gari hupelekwa Muhimbili, naye huandikwa jina lake mlangoni, awe pasha au mchukuzi.