Okidi ya milimani na joto la Gede: Yafaayo kujulikana kabla ya kununua

UA la okidi huvutia macho kiasi cha kumsahaulisha mnunuzi swali la kwanza analopaswa kuuliza: mmea huu asili yake ni wapi? Kwa mkazi wa Gede, karibu na bahari kusini mwa Malindi, jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo mmea utaishi au fedha zake zitapotea bure.

Okidi ni jamii kubwa yenye spishi zaidi ya 25,000 duniani. Baadhi humea katika misitu ya pwani yenye joto, na nyingine katika milima inayofunikwa na ukungu. Masdevallia, kwa mfano, hutoka Amerika ya Kati na Kusini, na spishi zake nyingi huota kwenye safu za Andes, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hata hapa Kenya, Aerangis thomsonii, yenye maua meupe yanayonukia usiku, ni mkazi wa misitu ya nyanda za juu.

Kwa nini joto huiua

Mchana mmea hutengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga. Usiku hutumia sehemu ya sukari hiyo unapopumua. Kadiri usiku unavyokuwa na joto, ndivyo akiba hiyo inavyokwisha upesi. Okidi ya milimani imezoea usiku wa nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, ilhali Gede ni nadra usiku kushuka chini ya nyuzi 20. Mmea hutumia zaidi ya unachochuma, majani hugeuka rangi ya kahawia na kudondoka, na mizizi huoza. Masdevallia huathirika zaidi kwa sababu haina shina nene la kuhifadhia maji.

Kiyoyozi si suluhisho rahisi. Vingi vya majumbani havishuki chini ya nyuzi 16, tena hukausha hewa, hali okidi hii hutaka unyevu mwingi. Chungu cha udongo kilichoroweshwa hupoza mizizi kidogo maji yanapogeuka mvuke, lakini hewa ya Pwani, yenye unyevu tayari, huzuia sana upoaji huo.

Maji nayo ni tatizo. Gede imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, hivyo maji ya visima huwa na chokaa, na pengine chumvi, vitu ambavyo mizizi laini ya okidi haivistahimili. Ni heri kukinga maji ya mvua na kuyaweka akiba.

Okidi inayofaa Gede

Anayetaka okidi nyumbani hana haja ya kukata tamaa. Phalaenopsis, inayouzwa sana madukani, hutoka nchi za joto za Asia na hustawi usiku ukiwa na nyuzi 18 au zaidi. Aidha, Pwani ina okidi yake yenyewe: Ansellia africana, ambayo huitwa okidi ya chui kwa kuwa maua yake ya manjano yana madoa ya kahawia. Mtaalamu wa mimea John Lindley aliipa jina hilo la kisayansi mwaka 1844, kwa heshima ya John Ansell aliyeiokota katika kisiwa kinachoitwa sasa Bioko.

Okidi hii hukaa juu ya miti bila kuinyonya. Mashina yake hufanana na miwa midogo, na baadhi ya mizizi husimama wima mithili ya kapu linalonasa majani makavu. Ili kuipanda, tumia kapu la mbao au chungu chenye matundu mengi, ukijaze vipande vya mkaa na makumbi ya nazi. Makumbi hayo yaloweke kwanza na kubadilisha maji mara kadhaa ili chumvi itoke. Weka mmea barazani au karibu na dirisha la mashariki upate jua la asubuhi, na hewa ipite. Mwagilia kwa wingi machipukizi yanapokua, kisha upunguze mmea unapopumzika. Mbolea iwe hafifu, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Usiichume msituni

Jirani na Gede upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420. Kuondoa mmea katika msitu wa umma bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Biashara ya kimataifa ya okidi nayo husimamiwa na mkataba wa CITES, na Ansellia imeorodheshwa miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutokana na uchumaji na ukataji wa miti.

Muulize muuzaji aliupata wapi mmea wake. Mizizi iliyokatikakatika na vipande vya gome la mti vilivyogandamana nayo ni dalili kwamba umeng'olewa porini, na mimea ya namna hiyo mingi hufa.

Mcheza kwao hutuzwa. Okidi ya ukungu iachiwe mlima wake, na mwenyeji wa Gede apambe baraza lake kwa ua lililozoea joto lake.