Desemba Ilikuwa ya Kahawa

Waulize watu wa rika langu, sisi tuliozaliwa Ruiru ukoloni ukielekea ukingoni, wazazi walitupeleka nchi gani ya nje tulipokuwa wadogo. Hakuna. Hata Mombasa hatukupelekwa. Desemba, shule zilipofungwa kwa likizo ndefu, kahawa ilikuwa imeiva kuanzia Ruiru hadi Thika, na mashamba yalitaka kila mkono, mkubwa kwa mdogo. Mama alijifunga kikapu kiunoni akachuma matawi ya juu, sisi watoto tukabaki na ya chini. Tulichambua buni, mbivu huku, mbichi kule, kisha jioni tukapanga foleni mbele ya nyapara kupimiwa kwa debe. Zikija likizo za katikati ya mwaka, mavuno madogo nayo yalikuwa yameanza. Likizo ya shule na msimu wa shamba vilikuwa kitu kimoja.

Nayakumbusha haya kwa sababu husikia watu wazima wakisema kwamba kuvuka mpaka na watoto kwa ajili ya kutembea tu ni anasa ya juzi, jambo lisilo na mizizi hapa kwetu. Sikubaliani nao. Katika ardhi hii hii watu wamekuwa wakisafiri kutoka na kwenda ng'ambo na watoto wao kwa zaidi ya karne moja. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatukuwa miongoni mwao, na sababu zake zinajulikana.

Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa kutoka meli ya Admiral akiwa na mwanawe Kermit. Kijana alikuwa na miaka 19, ameyaacha kwa muda masomo yake ya Harvard ili aje kuwinda na kupiga picha pamoja na baba yake. Walikaribishwa katika shamba la Juja, kati ya Ruiru na Thika, kwa William Northrup McMillan. Mwaka mmoja kabla ya hapo Blue Posts ilikuwa imefunguliwa penye maporomoko ya Chania, kwa hiyo Thika ilikuwa na hoteli hata kabla ya kuwa na reli, maana reli ya kutoka Nairobi ilifika 1913. Ni katika miaka hiyo ambapo Elspeth Huxley, aliyezaliwa London 1907, aliletwa Thika na wazazi wake waliokuja kulima kahawa. Kitabu chake The Flame Trees of Thika kilitoka 1959, na tangu hapo wasomaji wa ng'ambo wameujua mji wetu kupitia macho ya mtoto mgeni.

Watoto wenyeji wa pale pale hawakuandikiwa kitabu. Sheria ya kipande ilitungwa 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na baba zao wakalazimika kutembea na karatasi ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwanamume aliyetoka shambani bila idhini alikuwa mtoro. Mtu wa namna hiyo angempeleka wapi mwanawe? Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwezi Oktoba 1952, Wakikuyu walibanwa zaidi: vibali, vijiji vya kulazimishwa, amri za kutotoka nje. Mama alikuwa akisema kwamba katika miaka hiyo kwenda kumwona dada yake kijiji cha pili ilikuwa safari ya kuombewa ruhusa.

Wahindi wenye maduka Thika walikuwa na safari zao. Wengi walitoka Gujarat, na waliojaliwa uwezo walipanda meli Kilindini pamoja na watoto kwenda Bombay, kisha kwa babu na bibi. Baada ya Vita Kuu ya Pili meli za British India, Karanja na Kampala, ndizo zilizobeba abiria hao. Kwa maoni yangu hao ndio waliokuwa wa kwanza hapa mjini kuwa na desturi kamili ya matembezi ya familia nje ya nchi: yalipangwa mapema, akiba iliwekwa, na watoto walirudi wakijua majina ya mashangazi. Lakini mwanzoni mwa 1968 nyingi za familia hizo zilipanda ndege Embakasi kwa haraka kuu. Sheria mpya za leseni za biashara na za uhamiaji hapa Kenya ziliwabana wasio raia, na Uingereza nayo ilikuwa ikijiandaa kuufunga mlango, ikaufunga Machi 1. Watoto waliondoka na sanduku lakini bila tikiti ya kurudi.

Kwa Waafrika, kwenda ng'ambo kulimaanisha kuwaacha watoto. Jomo Kenyatta, ambaye kwao Gatundu hakuko mbali na Ruiru, alipopanda meli ya kwenda Uingereza 1929 bintiye Margaret Wambui alikuwa bado mchanga. Akaondoka tena 1931 asirudi hadi 1946, na aliporudi akamwacha huko mtoto mwingine, Peter Magana. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi waliosaidiwa na juhudi za Tom Mboya ilibeba watu 81 kwenda Marekani. Ukoo mzima ulimsindikiza mmoja: lori lilikodishwa, wimbo ukaimbwa, maombi yakafanywa, kisha watu wakapanda kwenye roshani ya uwanja kupunga mikono. Watoto tuliokuwa nyuma ya lori tulidhani kusindikiza ndiyo safari yenyewe.

Hata tulipopata uhuru, mama mwenye watoto alikuwa na ukuta wake. Kwa miaka mingi mwanamke aliyeomba pasipoti alitakiwa kuleta ridhaa ya mume, au ya baba kama hajaolewa. Nilikuwa na mshahara wangu Thika, nikiwalisha na kuwasomesha wanangu mwenyewe, na bado karani aliniuliza mwenye watoto yuko wapi. Swali hilo lilinichoma, na linanichoma hadi leo. Tena Tanzania, ambako tungefika kwa basi, ilifungiana mpaka na Kenya 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na mpaka wa Namanga ukafunguliwa upya 1983.

Mambo yalibadilika polepole, na chanzo hakikuwa ndege. Mashamba ya kahawa yaliuzwa, moja baada ya jingine, yakageuka nyumba. Mahali palipokuwa na mibuni leo pana Tatu City. Nalihuzunikia shamba, lakini nashukuru kwamba watoto wamerudishiwa Desemba yao. Barabara ya Thika ilipanuliwa 2012, na ile ya Bypass ya Mashariki humtoa mtu Kamakis hadi karibu na uwanja wa ndege bila kuingia mjini. Tangu 2014 Mkenya aliye mtu mzima huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho. Tanzania bado inataka pasipoti au kibali cha muda, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa kuwa mtoto hana kitambulisho, sisi huanza na makaratasi yake kabla ya kuulizia nauli.

Tulipowapeleka wajukuu Moshi, tulipanda hadi Materuni, kijiji cha Wachaga chenye maporomoko. Huko kahawa iko chini ya kivuli cha migomba, tofauti na mistari mitupu ya kwetu iliyochomwa na jua. Wageni hulipa ili wachume, waikoboe, waikaange na kuitwanga. Wajukuu wangu wa Ruiru walikuwa hawajawahi kugusa buni. "Shosho, hii nyekundu naivuta tu?" mdogo aliuliza. Nikamwonyesha: izungushe kwa vidole viwili, usiondoe kikonyo. Mwenyeji wetu aliniangalia mikono akacheka kwa furaha: "Mama, wewe si mgeni wa kazi hii." Nikawasimulia wote kuhusu debe, nyapara na foleni, na mkubwa akataka kujua tulilipwa nini na kama tulikuwa tukiruhusiwa kucheza. Nilijibu kila swali.

Sasa wanataka Jinja, Uganda, waone Nile inapotoka ziwani. Tutapitia Busia, ambako tangu 2018 maafisa wa nchi zote mbili hukaa kituo kimoja. Binti yangu ameshaanza kuulizia basi, nami nimepewa kazi ya kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha yule mdogo.